Faru mmoja, kamera mbili: asubuhi ndani ya kreta ya Ngorongoro

Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na kambi yetu ilitoza bei ya hoteli ya ufukweni kisha ikagawa blanketi moja moja. Baridi ile hula betri. Ya kamera ya Nikon P1000 hutoa picha 250 hivi tu ikiwa imejaa, basi ililala mfukoni mwa koti.

Simba na pundamilia nawaruka. Habari ni faru mweusi, aliyesimama mbali upande wa msitu wa Lerai. Gari haliruhusiwi kuacha barabara, ndiyo maana zoomu ndefu hubebwa huku. Nikon huvuta sawa na lenzi ya milimita 3000; namba ikiwa kubwa, cha mbali huja karibu zaidi. Kamera ya pili, Sony RX10 IV, huishia 600.

Dereva akazima injini: "Jamani, tulieni." Alikuwa na haki. Kwa milimita 3000, abiria akijigeuza kitini tu, faru ameshatoka kwenye fremu. Lenzi ililazwa juu ya kifuko cha mchele kwenye ukingo wa paa, shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/500. Nikon kwa urefu huo haifunguki kupita f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la mwanga ni dogo), ikadai ISO 800, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, ambao ukipandishwa huleta chengachenga. Sony kwa f/4 ikatosheka na 200. Tena sensa ya Sony, kipande kinachopokea mwanga, ina eneo mara nne ya ile ya Nikon. Kwenye kompyuta, mikunjo ya ngozi shingoni inasomeka katika picha ya Sony; ya Nikon ina chengachenga, na programu yake ikizifuta hufuta na mikunjo.

Lakini faru wa Sony ni mdogo. Ukipunguza kingo za picha ili alingane na fremu ya Nikon, kati ya megapikseli 20 hubaki 0.8: anafaa simu, si ukutani. Kwa hiyo Nikon ilishinda, mpaka saa tatu hivi. Jua likapasha ardhi, hewa ikaanza kucheza, pembe ikapinda kama tambi. Hapo wengi hulaumu fokasi bure. Piga mfululizo, chagua fremu iliyotulia. Hewa ikizidi, funga begi.

Chakula cha boksi tulikifungua Ngoitokitok, mahali pa kupumzikia humo kretani: paja la kuku kavu, bei ya kuku mzima. Mwewe akalinyakua mkononi mwa jirani. Sony, fremu 24 kwa sekunde, ilimfuata hadi kucha zinaonekana. Nikon ilipiga saba, ikasimama kuziandika kwenye kadi.

Kwetu Tanga majahazi ya mchana huelea hivyo hivyo hewani, na lenzi ndefu haisaidii. Alfajiri, Nikon inatosha; harusi ya usiku, Sony. Ila zilipotoka, Sony (2017) iliuzwa dola 1,700 hivi na Nikon (2018) dola 1,000, na bado hujanunua betri ya pili.