Seti ya kwanza ya nyumbani: vijiko tayari, sasa nimefika kwenye visu

Haya, kazi imesogea. Kwa ambaye hajui mradi wenyewe, ile seti ya kwanza ya vijiko, uma na visu ambayo baba na mama walianza nayo maisha naisafisha kipande kimoja kimoja, kilichopinda nanyoosha, kilicholegea nakaza, na kwenye daftari naandika nani anakumbuka nini kuhusu kipande hicho, maana wazee bado tunao na huu ndio muda wa kuwauliza. Ilikuwa seti ya watu sita, yaani vipande 24. Kwenye boksi nimekuta 20. Vijiko vya chai ndio vimepungua zaidi, na sidhani kama kuna nyumba ambayo havipungui, kijiko cha chai kila mtu anakichukua, kinaenda kufungulia kopo la rangi, kinaenda kuchimbia mche, basi ndio hakirudi tena.

Kwanza nilitaka kumaliza ubishi wa miaka yote. Shangazi anasema seti ile ni ya fedha, mama anasema ni stenlesi tu. Nikageuza vijiko, nikaosha mgongo wa mpini kwa mswaki, na chini ya uchafu uliogandamana ikatokea namba 18/8. Maana yake ni asilimia 18 ya kromu na 8 ya nikeli, mama ndiye yuko sahihi. Ingekuwa imepakwa fedha tungeona weusi unaorudi kila ikikaa kabatini, na pale inapoguswa sana, kwenye mgongo wa kijiko na kwenye ncha za uma, fedha ingekuwa imelika na chuma cha ndani kimeanza kuonekana kwa umanjano. Hapa rangi ni ileile kila mahali. Nimempigia shangazi nikamweleza, akanijibu lakini zilikuwa ziking'aa kama fedha wakati ule zikiwa mpya, na hiyo nayo nimeiandika kwenye daftari kama alivyosema.

Halafu sumaku. Hapa ndipo nilipopata raha ya mradi huu. Nikeli ikiwemo ya kutosha, stenlesi haishiki sumaku, labda inavuta kidogo sana sehemu zilizopondwa kiwandani, kwa hiyo vijiko na uma vyote vya seti hii sumaku inateleza tu. Isipokuwa kijiko kimoja kikubwa, hicho kiliruka kikaganda. Nikakiangalia vizuri, mstari wa pembeni ya mpini upo kama wenzake, yale majani matatu mwishoni yapo, lakini yamechorwa kwa kina kidogo na mgongoni hakuna namba yoyote. Hicho ni 18/0, kromu ipo na nikeli hakuna, kwa hiyo si cha seti. Mama alipokishika tu akakumbuka, kimoja kilipotea na baba akazunguka mpaka akapata kinachofanana ili idadi isipungue, na sisi watoto hatukuwahi kujua. Miaka yote hiyo! Kwa hiyo vipande vya asili ni 19 na huyu mgeni wa baba, na kwangu mimi huyu mgeni ana thamani kuliko kingekuwa cha asili, anabaki na wenzake.

Usafi wenyewe ni rahisi ukiwa na subira. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kwanza, halafu yale madoa yenye rangi rangi kama mafuta juu ya maji, ambayo yanaletwa na joto, yanatoka kwa kitambaa chenye siki kidogo kisha unasuuza na kukausha papo hapo. Vidoa vya kutu nimetumia bekingi soda iliyokorogwa na maji ikawa nzito, unasugua kufuata mistari ya chuma, usizungushe zungushe. Stiliwaya sigusi kabisa, inaacha chembe za chuma cha kawaida juu ya kijiko na hizo chembe ndio zinaota kutu, baadaye mtu analaumu kijiko. Na usiloweke usiku kucha kwenye maji yenye chumvi, chumvi inatoboa ule utando mwembamba wa kromu unaokinga chuma, unabaki na vishimo vidogo ambavyo hata ung'arishe vipi haviondoki.

Mikwaruzo nimeiacha. Kaka aliniambia nipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kung'arishia vitoke kama vipya, nikakataa na bado nakataa. Chukua kijiko kile kikubwa cha mama, ukikishika kwenye mwanga unaona ncha yake haiko duara tena, imelika upande wa kushoto, kwa sababu mama anatumia mkono wa kulia na ndicho alichokuwa anakwangulia sufuria kila siku. Kipo kingine kimelika kulia. Nilikaa nacho muda mrefu sielewi mpaka dada alipopita hapa akakichukua mezani bila kufikiria, kwa mkono wake wa kushoto, kikakaa sawasawa. Alikuwa anakichagua tangu mdogo, tulikuwa tunagombana kwa nini anakataa vingine. Sasa ukipitisha mashine pale unafuta nini? Kutu itoke, uchafu utoke, lakini alama ya mkono wa mtu ibaki.

Uma mmoja jino lilikuwa limepinda, nimelinyoosha kwa kipande chembamba cha mbao taratibu, mara moja tu, kwa sababu stenlesi ukiikunja na kuirudisha mara nyingi inakuwa ngumu halafu inakatika.

Sasa visu. Hivi vyote sumaku inavishika na ni kawaida, kisu kinahitaji chuma kigumu kinachoshika makali, kwa hiyo kaboni inaongezwa na nikeli karibu haimo, na ndio maana visu vinaota kutu kabla ya vijiko hata kama vimenunuliwa pamoja. Cha kushangaza stenlesi ya mezani ilianzia huko huko kwenye visu, Harry Brearley kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1913 alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka, akaona hiki kinafaa visu. Kabla ya hapo kisu cha mezani ilibidi ukifute na kukisugua kila baada ya kula la sivyo kinageuka cheusi.

Mipini ya visu vyetu ni mitupu ndani, na viwili ukivitikisa unasikia kitu kinacheza, gundi ya zamani imepasuka, nadhani kwa kulowekwa maji ya moto. Bapa za visu hivyo viwili nimeshazichomoa, nimekwangua gundi iliyobaki na ndani ya mpini nimeacha pakauke kabisa. Kinachofuata ni gundi ya epoksi, kuvifunga kwenye jiliwa, kile kibanio cha fundi, na kitambaa vikiwa vimenyooka, na kuviacha mpaka ishike. Vinne vilivyobaki ni kung'oa kutu tu kwenye makali.