Si jini, ni jeni: maua yangu ya madoa

Mbegu nilipewa na shangazi yangu wa Lushoto. Ni snapdragoni, lile ua ambalo ukilibana mashavu linafungua mdomo. Ya kwake ni meupe yenye madoa mekundu, kama kanzu ya bwana harusi iliyomwagikiwa choya. Nikayapanda Tanga, yakatoka meupe, na doa mojamoja la kutafuta kwa macho makali.

Ushauri nilioupata! Jirani mmoja kasema udongo hauna chuma, zika misumari yenye kutu. Nikazika kopo zima. Nilichovuna ni sindano ya pepopunda, maana mmoja niliukanyaga mwenyewe. Wa duka la pembejeo akaniuzia dawa, elfu ishirini na kitu hivi. Vidukari vikafa, madoa hayakuongezeka. Mama mmoja akanong'ona kwamba kwa shangazi kuna jini, na jini hahami na mbegu.

Mwezi wa saba nikabeba vyungu viwili kwenda navyo Lushoto. Kondakta akataka nauli ya kiti, nikalipa, abiria wakacheka mpaka Mombo. Nilipofika, "Mwanangu, umenirudishia maua yangu?" shangazi akauliza. Nikamwomba ayaache barazani, kwenye ile baridi yake.

Sasa sikia. Shada la ua hili hufunguka kuanzia chini kwenda juu. Niliporudi baada ya wiki kama sita, maua ya chini, yaliyoumbika Tanga, yalikuwa yamekauka meupe vilevile. Ya juu, yaliyokuwa matumba machanga siku ya safari, madoa tupu! Shina moja, kama kipimajoto. Nilipiga picha mpaka simu ikazima.

Siri ni kipande kinachohama cha DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Katika aina iliyochunguzwa sana kinaitwa Tam3: kimejipachika mwanzoni mwa jeni ya rangi, yaani sehemu ya DNA inayoagiza rangi itengenezwe, rangi ikazimika. Katika seli moja kikijichomoa, rangi inarudi kwa seli hiyo na uzao wake wote. Kikichomoka mapema, doa pana, kikichelewa, kitone. Nacho hupenda baridi: kwenye nyuzi 15 huchomoka hadi mara 1,000 zaidi kuliko kwenye nyuzi 25. Yangu sikuyapeleka maabara, lakini tabia ni ileile. Mwanasayansi wa Marekani, Barbara McClintock, aliviona vipande vya namna hii kwenye punje za mahindi miaka ya 1940, wengi wakamtilia shaka. Tuzo ya Nobel ikaja 1983. Mimi nilichekwa kwenye basi tu, basi nishukuru.

Mbegu za barazani usizichanganye na nyingine, mimi nilijuta. Kati ya zile nilizozipanda tena Tanga, mche mmoja umetoa maua mekundu yote, bila doa. Kipande kilishachomoka kabla mbegu haijaumbika, na wengi wa watoto wake ni wekundu pia. Jirani wa misumari ameuona, sasa anatangaza mtaani kwamba kutu imeanza kufanya kazi.