Nilichungulia jibu, najuta hadi leo

Gemu ya Outer Wilds, iliyotoka mwaka 2019, haikupi upanga wala pointi. Unarusha chombo chako, unazurura kwenye sayari, na baada ya dakika 22 jua linalipuka. Unaamka pale pale ulipoanzia. Unachobaki nacho ni ulichokijua tu, pamoja na kumbukumbu zilizoandikwa chomboni.

Mimi nimekulia kwenye gemu za kuua mazimwi yale yale mara mia ili kiwango kipande. Humo jasho ni akiba, halipotei. Huku nilikufa jioni nzima nikidhani nimepoteza muda, kumbe nilishaona mchanga unavyohama kutoka sayari moja kwenda kwa pacha wake, ukifukia huku na kufukua kule. Mchanga huo ndio ulionifungulia njia.

Halafu nikakwama. Uvumilivu ukaniishia, nikatazama video ya mtu aliyekwisha kuimaliza. Dakika tatu tu! Fumbo lile sitalifumbua tena mwenyewe, maana jibu halitoki kichwani.

Sasa rafiki yangu ndiye anayecheza. Kila akiniuliza aende wapi, namjibu kwa ukorofi: "Hebu kwanza uliangalia juu?"