Miezi Mitano na Siku Chache

Nilirudi kutoka Paris Aprili 2023 nikiwa mtaalamu. Siku nane tu, tena ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza ya mapumziko nje ya nchi, lakini ungenisikia ungedhani nimezaliwa ndani ya ndege.

Wiki ile ile rafiki zangu wakaja nyumbani kusikiliza habari. Tulikuwa sita, simu yangu inapita mkono hadi mkono, nami nimekaa katikati natoa darasa. Mnara wa Eiffel una mita 330, nikawaambia, kana kwamba niliupima mwenyewe kwa kamba. Mona Lisa? Kapicha kadogo! Sentimita 77 kwa 53, kako nyuma ya kioo, na mbele yake msitu wa mikono iliyoinua simu. Ukitaka kumwona vizuri, mtazame kwenye simu ya aliyekutangulia. Wakacheka, na mimi ndiyo nikazidi kukolea.

Sikuwaambia kwamba mara ya kwanza nilipofika Louvre nilikuta pamefungwa. Makumbusho yale hufungwa Jumanne, jambo lililoandikwa kila mahali isipokuwa kichwani mwangu. Nilizunguka ile piramidi ya kioo mara mbili nikidhani nimekosea mlango. Kwenye masimulizi yangu, Jumanne ile ikageuka kuwa siku niliyoamua, kwa hiari yangu, kutembea kando ya mto Seine. Nadhani wasafiri wote tuna kaugonjwa haka: tukirudi tunaipiga safari pasi mpaka mikunjo yote inapotea.

Kutoka hapo nikaingia kwenye ushauri, na sehemu kubwa ulikuwa wa maana, hilo najitetea. Pawabenki isiingie kwenye sanduku linalokwenda chini, ibaki kwenye begi la mkononi. Mafuta na losheni za kwenye begi hilo zisizidi mililita 100 kila chupa. Viatu vizito vivae mguuni, vyepesi ndivyo uvipange kwenye sanduku. Piga picha sanduku lako kabla hujalikabidhi, maana likipotea utaulizwa linafananaje, na utashangaa huwezi kueleza zaidi ya "jeusi". Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano usihangaike kuibadilisha hata kama imeandikwa mwisho miaka 10; tangu 2016 inahesabika ya maisha yako yote. Kila nilichosema wakaitikia kwa kichwa, na kila walipoitikia nikaongeza sauti.

Ndipo akauliza yule aliyekuwa anajipanga kwenda Singapore mwezi wa Desemba. Si mtu wa maneno mengi. Alikuja na kidaftari, na muda wote alikuwa anaandika.

"Na hii habari ya pasipoti kubakiza miezi sita?"

Nilipunga mkono kama ninayefukuza nzi. "Vitisho tu hivyo. Mimi yangu ilikuwa imebakiza mitano. Nimekwenda, nimerudi, na mnaniona."

Akaandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika.

Ubaya wa maneno yale ni kwamba hayakuwa uongo. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, Ufaransa ikiwamo, zinataka pasipoti ibakize angalau miezi mitatu tangu siku unayopanga kuondoka kwao, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Yangu ilipita bila tatizo. Tena niliomba viza, kwa hiyo kulikuwa na mtu ofisini aliyekwisha kuikagua kabla hata sijafunga sanduku. Singapore wanataka miezi sita. Na rafiki yangu hakuhitaji viza ya kwenda kule, kitu tulichokishangilia kama bahati, kumbe maana yake ni kwamba hakuna aliyeitazama pasipoti yake kwa jicho la kazi mpaka usiku wa safari.

Usiku huo ulikuwa Jumatano, tarehe 6 Desemba. Nilimsindikiza uwanjani, kwani mwalimu hawezi kumwacha mwanafunzi aende peke yake kwenye mtihani. Kwenye foleni nikampekua mkoba na kukuta pakiti mbili za chingamu. "Unataka kufungwa?" nikamwuliza. Singapore ilipiga marufuku kuingiza na kuuza chingamu mwaka 1992, na mimi nilikuwa nimelisoma hilo. Nikazichukua zote mbili nikazitupa kwenye pipa, nikarudi kifua mbele.

Sanduku lilipowekwa kwenye mizani likasoma kilo 22.6, na mwisho ni 23. Nikamkonyeza: viatu mguuni, unaona? Kijana wa kaunta akalifunga kile kikaratasi kirefu chenye herufi SIN, yaani Singapore, akabonyeza, likasogea kidogo kwenye mkanda. Kisha akaichukua pasipoti. Akaandika kitu kwenye kompyuta. Akasimama. Akairudia pasipoti, akaweka ncha ya kalamu chini ya tarehe bila kuigusa, akahesabu kimya kimya, midomo ikicheza.

"Dada, hii inaisha tarehe 19 Mei."

"Ndiyo."

"Na wewe unafika tarehe 7 Desemba."

"Ndiyo," akajibu tena, akanigeukia mimi.

Msimamizi akaitwa. Alikuwa mpole kiasi cha kunikera. Ningependa awe mkali ili nipate wa kumlaumu. Akaeleza kwamba ilibakia miezi mitano na siku chache, kwamba Singapore hawaipokei pungufu ya sita, na kwamba wakimpakia akakataliwa kule, shirika ndilo litakalomrudisha na huenda likapigwa faini juu. Hapo nikaingilia kati.

"Lakini mimi mwaka huu huu nimesafiri na mitano."

"Ulikwenda wapi?"

"Paris."

Hakunijibu. Alimrudishia rafiki yangu pasipoti kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa rambirambi. Kijana akalirudisha sanduku kutoka kwenye mkanda, na kwa kuwa kile kikaratasi kilikuwa kimegandishwa sawasawa, ikabidi atafute mkasi. Tulisimama pale tukisubiri akate, na foleni nzima nyuma yetu inatazama. Sijawahi kuona mkasi unaochelewa kama ule.

Njiani kurudi, mimi kwenye usukani, yeye kimya, ile mikono imelala juu ya mkoba. Nikasema samahani mara tatu, nne. Tulipokaribia kwake ndipo akafungua mdomo.

"Chingamu zangu ziko wapi?"

Baadaye nilikuja kujua kwamba yule kijana hakuwa anatoa sheria kichwani mwake. Mashirika ya ndege yana mfumo uitwao Timatic, wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, unaowaonyesha kila nchi inadai nini kwa mwenye pasipoti fulani: viza, chanjo, muda uliobaki. Kompyuta ikikataa, hata ulie machozi ya damu, kaunta haiwezi kukusaidia. Na habari hizo hizo zimewekwa wazi na idara za uhamiaji za nchi zenyewe, dakika tano za kusoma. Niliweza kusoma habari za chingamu. Sikusoma mstari wa pasipoti. Kosa la pili ni kuwaza nchi unayofikia tu, wakati hata ile unayobadilishia ndege inaweza kuwa na masharti yake.

Aliomba pasipoti mpya. Hela ya kubadilisha tarehe ya tiketi nilijitolea kulipa mimi, hakunikatalia. Hoteli haikurudisha kitu, kwa kuwa alichagua chumba cha bei nafuu kisichorudishwa pesa, na huo nao, kama mnataka kujua, ulikuwa ushauri wangu. Alisafiri Februari 2024. Siku hiyo hakuniomba nimsindikize.

Aliporudi tukakusanyika kwake, watu wale wale sita. Nilitegemea picha za Gardens by the Bay, ile miti ya chuma inayofika mita 50 inayowashwa taa usiku. Picha zilikuwepo, lakini hakuanza nazo. Alianza na kaunta. Akaigiza kijana anavyohesabu kwa midomo, akaigiza mkasi, akaniigiza mimi na ile "Paris" yangu, kidevu juu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nilicheka pia, ingawa yangu ilichelewa kidogo. Halafu akasimulia alivyopanda treni ya upande usio wake siku ya pili, na malengelenge aliyopata kwa vile viatu vizito nilivyomshauri avae. Ikanijia Jumanne ya Louvre. Nikawasimulia yote, pamoja na ile mizunguko miwili ya piramidi, na ndiyo hadithi pekee ya Paris waliyowahi kunitaka niirudie.

Kabla hatujaagana, mmoja wetu akasema naye mwezi wa Juni anakwenda Dubai, na pasipoti yake anadhani bado ina muda. Wote watano wakanigeukia.

"Usinisimulie," nikamwambia. "Iko kwenye mkoba? Ilete."

Akanipa. Nikatafuta ukurasa wa picha, nikaanza kuhesabu kwa vidole, mwezi mmoja mmoja, kwa sauti. Mwenye nyumba akafungua kidaftari chake, akahesabu na yeye.