Kabla baba mdogo hajatuma dola Houston

Jana kutwa nzima nilikuwa kwenye tovuti za mahakama za Marekani na wala sijatoka hapa Mwanga, Kigoma, nipo tu kwenye steshenari yangu, wateja wa kutoa kopi wanakuja wanaondoka. Ilianza hivi, baba mdogo ana mitumbwi ya dagaa pale Kibirizi, akapata muuzaji wa injini za boti yuko Houston, used lakini bei tamu kweli, profoma, yaani ankara ya bei, imeshaingia WhatsApp na wanataka nusu ya hela kwanza. Akaniambia mwanangu si unajua kompyuta, hebu niangalizie hawa watu.

Tovuti yao inang'aa, ila tovuti hata mimi nitakutengenezea kesho. Nikaona niangalie kama wana kesi.

Hapo ndo nikapoteza lisaa lizima, maana mimi nimezoea TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, mtu akitaka hukumu ya Mahakama Kuu Kigoma au ya Rufani naingia sehemu moja tu, bure, naprinti. Kule Marekani kuna mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu, halafu kila jimbo lina zake, na ndani ya jimbo mara nyingi unakuta kila kaunti ina karani wake na tovuti yake. Kwa hiyo kabla hujaandika jina popote jiulize kesi yenyewe ingekuwa ya wapi. Madeni ya kawaida, mikataba, talaka, mirathi, hizo nyingi ziko majimboni. Kufilisika ni shirikisho tu.

Za shirikisho ziko PACER, mfumo wa mtandaoni wa mahakama hizo. Sio lazima uwe wakili, unafungua akaunti yako, ila wanachaji senti 10 kwa ukurasa, na hata ukitafuta jina ukakosa kitu hiyo senti 10 inahesabiwa (hapo nilicheka peke yangu). Nyaraka ya kawaida haizidi dola 3 hata iwe ndefu vipi (isipokuwa ile nakala ya maneno yaliyosemwa mahakamani), na kama kwa miezi mitatu hujapitisha dola 30 wanakusamehe yote. Kwanza lakini pita CourtListener, tovuti nyingine ya nyaraka za mahakama, ni bure, kuna kitu kinaitwa RECAP, yaani PACER ukiisoma kinyumenyume, mtu akinunua nyaraka PACER akiwa nacho kwenye brauza yake nakala inaingia humo na wengine wanasoma bila kulipa.

Mimi CourtListener nilitoka kapa. Nikahamia PACER, wana sehemu ya kutafuta jina nchi nzima, yakaja majina yanayofanana kibao, kampuni za watu tofauti kabisa, nikajua ni yetu kwa sababu anuani kwenye faili ni ile ile ya kwenye profoma. Kufilisika, Chapter 7, ile ya kufunga duka kabisa, msimamizi anakusanya mali anauza anawagawia wadai. Sasa duka limefungwa profoma inatoka wapi? Na kwenye orodha ya wadai kuna wateja waliolipa nusu kwanza, wamewekwa fungu la wasio na dhamana, yaani mkia wa foleni.

Nikamalizia kwa karani wa Harris, ndo kaunti ya Houston, nikakuta kuna mtu aliwashtaki kwa mkataba. Hiyo sikuipa uzito sana, hati ya madai ni maneno ya upande mmoja, mtu yeyote anaweza kwenda kuandika, mpaka uone jaji kasemaje. Ila angalia, hiyo kesi PACER haipo, kwa sababu ni ya mahakama ya jimbo, ningeishia kule kutafuta kesi za mkataba ningesema wako safi. Kukosa jina kwenye tovuti moja maana yake umekosa kwenye hiyo tovuti, basi.

Jumla yote dola 4 na senti 20, na watasamehe nisipopitisha zile dola 30. Nikamprintia baba mdogo kurasa za kwanza na orodha ya wadai, nikamtafsiria mstari kwa mstari, akakaa kimya muda mrefu, halafu akakunja zile karatasi akaweka mfukoni akawaonyeshe wenzake Kibirizi, maana kumbe walikuwa wanachanga watu wanne.

Alivyofika mlangoni akageuka akaniuliza, na yule jamaa wa Ujiji anayenidai nyavu, kesi yake humo huwezi kuiona? Nikamwambia baba, hiyo ya mahakama ya mwanzo, panda bodaboda.