Nilivyochagua Kati ya Volusia ya 2003 na Boulevard ya 2008 Nikiwa Mbeya

Karibu kila niliyemwomba ushauri hapa Mbeya kuhusu pikipiki kubwa ya safari ndefu alinipa jibu lile lile: chukua toleo la zamani lenye kabureta, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, kwa sababu kila kijana mwenye spana anaijua kabureta, ilhali ile ya injekta, inayopulizia mafuta kwa kuongozwa na kompyuta, ikigoma pale Igawa utalala nayo pale pale. Ushauri huo ulitolewa kwa kujiamini kukubwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kukalia chombo kinachozidi Boxer ya stendi, na nusura uniponze. Kwa kuwa bado unaendelea kutolewa, na vijana wawili watatu wamekwisha kuja nyumbani kuniuliza, nimeona niandike nilivyoamua.

Pikipiki zenyewe zilikuwa mbili na zote ni za ukoo mmoja, Suzuki VL800. Injini ni ile ile ya silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, ujazo wa cc 805, inayopozwa kwa maji, na nguvu hupelekwa gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya cheni, jambo ambalo kwa vumbi letu ni neema. Ile ya zamani, Volusia, ilitoka kuanzia 2001 hadi 2004 ikiwa na kabureta. Mwaka 2005 Suzuki waliweka injekta na kuipa jina la Boulevard C50, na ile yenye herufi T ikaja na kioo cha kuzuia upepo, mikoba ya pembeni na egemeo la abiria. Volusia ya 2003 ilikuwa ya shemeji yangu, mume wa dada, ambaye alitaka kuniuzia kwa bei ya kindugu. C50T ya 2008 ilikuwa Iringa kwa mzee mmoja aliyeacha kuendesha kwa ajili ya mgongo, na bei yake ilizidi ile ya shemeji kwa milioni mbili na ushee.

Nilianza na ya shemeji, si kwa undugu tu bali kwa sababu ilikuwa karibu. Mji wetu uko mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na barabara ya Chunya hupanda hadi kuvuka mita 2,000 katika msitu wa Kawetire. Huko juu hewa ni nyembamba, na kabureta haina habari hiyo. Hupeleka mafuta karibu kama ilivyopangiwa pwani, hivyo mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi kuliko hewa. Volusia ilipanda Kawetire kwa kunung'unika, ikanuka petroli, na tulipofungua plagi tulizikuta nyeusi tii. Fundi wa shemeji alieleza tatizo hilo vizuri kabisa, ninamsifu kwa hilo, kisha akabadilisha jeti, kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli ndani ya kabureta, na kuweka ndogo zaidi. Tuliporudi Kawetire pikipiki ilipanda kwa nguvu ambayo hatukuwahi kuiona, na shemeji akanigeukia akaniambia, "Shemeji, lete hela."

Nilimwomba tuipeleke kwanza Kyela. Alidhani ninatafuta kisingizio cha kula samaki, na sikukanusha.

Kutoka Uyole hadi Isyonje pikipiki ilikwenda vizuri sana. Tulipoanza kuteremka kuelekea Tukuyu, kila shemeji alipoachia mafuta eksozi ilianza kupiga mlio mdogo wa kukohoa, naye akasema ni kawaida. Baada ya Tukuyu mlio ukawa mkubwa. Kyela iko chini, karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 na kitu, na hewa ya huko ni nzito na yenye joto. Jeti iliyopunguzwa kwa ajili ya Kawetire sasa ilikuwa inainyima injini mafuta. Tuliingia mjini tukipasua hewa kwa milio ya "pa! pa!" iliyowatawanya mbuzi, na vijana wa bodaboda waliokuwa kituoni wakasimama na kutupigia makofi, nasi kwa aibu tukawapungia mikono kama viongozi waliokuja kuzindua mradi. Injini ilikuwa ya moto kupita kiasi, na ukivuta mafuta mengi ilisitasita kana kwamba tenki limekauka.

Wakati wa kurudi ndipo shemeji, ambaye ni mjanja kuliko fundi wake, alipokumbuka choki. Aliivuta nusu ili iongeze mafuta, na milio ikapungua mara moja, ingawa ukikaza mwendo haikusaidia sana. Tulipanda hivyo polepole, choki ikiwa nje, tukipitwa hata na malori ya ndizi, naye akijipongeza njia nzima. Tatizo ni kwamba ujanja huo una mahali pa kukoma, na yeye aliunogewa. Tulipofika Isyonje katika baridi na ukungu, choki bado ikiwa nje, pikipiki ilizimika kwa kushiba, plagi zikiwa nyeusi kuliko siku ya kwanza. Tulizisafisha kando ya barabara kwa msasa wa kiberiti.

Fundi alipoelezwa alitushauri tutembee na seti mbili za jeti, tubadilishe Tukuyu tunaposhuka na tuzirudishe tunapopanda. Katika Volusia, ili uifikie kabureta ni lazima tenki la mafuta liondolewe kwanza. Sikuendelea na mazungumzo hayo.

C50T ina sensa inayopima mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye injini, na kompyuta yake hupunguza au kuongeza mafuta kulingana na kipimo hicho, bila choki na bila msasa. Hilo nililisoma, kuliamini kulihitaji safari ya Iringa.

Na yule mzee wa Iringa tulikuwa tumekubaliana kukutana saa tisa alasiri. Nilifika jana yake jioni, nikalala nyumba ya wageni, na saa kumi na mbili asubuhi nikawa langoni kwake, kwa sababu muuzaji anayekusubiri alasiri anaweza kuipasha pikipiki moto kabla hujafika, na injini yenye moto huficha maradhi mengi. "Kamwene, mzee, shikamoo," nikamwambia. Akaitikia huku akifunga vizuri koti lake, akauliza kama saa yangu ni nzima. Kabla ya jambo lolote niliweka kiganja juu ya injini: baridi ya Iringa ya mwezi wa saba. Nilipofungua swichi, pampu ya mafuta iliyo ndani ya tenki ililia kwa sekunde chache kisha ikanyamaza, kama inavyotakiwa. Stata ilipoguswa tu injini ikaitika, ikatulia.

Jambo la pili lilikuwa lile la kutishwa na kompyuta. Nilikuwa nimeambiwa kwamba ubovu wa injekta hauwezi kujulikana bila mashine ya Dar es Salaam. Kumbe Suzuki wameweka nyuma ya vifuniko soketi ndogo ya ukaguzi. Ukiunganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya kisha ukafungua swichi, kioo cha dashibodi huandika C00 ikiwa hakuna hitilafu, na namba nyingine ikiwa ipo, kila namba ikiwa na sehemu yake. Ilisoma C00. Mzee, aliyeimiliki kwa miaka, hakuwahi kuijua soketi hiyo, na nilijikuta nikimfundisha kwa mikogo ambayo sasa inanichekesha.

Kisha tukashuka mlima wa Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni, yeye nyuma na mikoba imejaa, tukapanda tena nyuma ya malori. Kule bondeni joto lilikuwa la Kyela, lakini eksozi haikukohoa hata mara moja. Mzee alinikumbusha nishuke kwa gia ndogo, maana breki ya nyuma ni ya dramu katika matoleo yote mawili na ukiitegemea peke yake Kitonga utaichemsha.

Nilitoa kitu kama milioni kumi na moja baada ya kupunguziwa, kwani namba nne zilizochapwa ubavuni mwa tairi, ambazo huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, zilithibitisha kwamba tairi zilikuwa na umri mkubwa hata kama kashata zake, yaani meno ya tairi, zilionekana nzima. Kubadilisha jina kwenye kadi kulichukua fedha kidogo na subira nyingi.

Haina maana kwamba toleo jipya halina kasoro. Tenki lake ni lita 15.5 badala ya 17 za Volusia, hivyo kutoka Iringa hadi Mbeya ninajaza Makambako bila mjadala. Betri ikifa kabisa, kuisukuma hakutakusaidia, kwa kuwa pampu haiendi bila umeme, na pikipiki ya uzito ule si ya kusukuma kwa furaha hata hivyo. Natembea na fyuzi za akiba, na petroli ya kwenye chupa za kando ya barabara siinunui, kwa sababu uchafu ambao kabureta huoshwa ukatoka kwa nusu saa unaweza kuua pampu.

Volusia ya shemeji ilinunuliwa na mfanyabiashara wa mpunga wa Kyela, ambaye haendi popote zaidi ya Ipinda na Matema. Alirudisha jeti ya awali, na nasikia inakwenda vizuri sana.