Jiko la kuchomea nyama kutokana na toroli kuukuu

Toroli lililostaafu kazi ya kubeba mchanga tayari lina beseni lenye kina, miguu miwili na gurudumu la kulihamishia upepo ukigeuka. Kazi yenyewe ni ya siku moja. Majiko mengi ya aina hii huharibika kwa sababu chuma kilichaguliwa vibaya tangu mwanzo.

Beseni la plastiki halifai kabisa. Lililopakwa zinki, lile la kijivu lenye madoa yanayometameta, nalo liache. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na makaa yaliyokolea huzipita kwa urahisi. Ukivuta moshi wake, saa chache baadaye unashikwa na homa, kutetemeka na kifua kubana. Tafuta chuma cha kawaida kilichopakwa rangi tu, unene wa milimita 1.2 au zaidi. Chembamba kuliko hapo hujikunja kwa joto na wavu hauketi tena sawasawa. Kutu ya juujuu isikutishe. Gonga sakafu ya beseni kwa nyundo ndogo: likilia, endelea. Likitoa mlio mfu huku vumbi jekundu likidondoka, chuma kimeshaliwa.

Bandua saruji yote iliyoganda, maana ikipata moto wa ghafla hupasuka na kurusha vipande. Rangi ya miaka mingi huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo itoe kwa dawa ya kubandulia, usiichome wala kuipiga msasa mkavu.

Kisha toboa matundu ya hewa, manane kila ubavu, kipenyo milimita 12, sentimita 6 juu ya sakafu. Kimo hicho kina sababu: chini yake unatandaza sentimita 4 za mchanga mkavu, unaolinda chuma na kuzuia joto lisishuke kwenye tairi. Ukitoboa chini zaidi, mchanga unaziba matundu na makaa yanafifia katikati ya kazi. Mawe ya mtoni usiyaweke hata kidogo. Maji yaliyomo ndani yake hugeuka mvuke na kuyapasua.

Wavu ndio unaogusa chakula, kwa hiyo hapa usibane matumizi. Chuma cha pua ni bora. Ukikosa, fito laini za chuma za milimita 8, zisizo na zinki, zilizochomelewa kwa nafasi ya sentimita 1.5 zinatosha. Wavu wa uzio una zinki, uache. Uwe sentimita 12 hadi 15 juu ya makaa. Ukishuka hadi 8, nyama inaungua nje huku ndani bado mbichi.

Kabla ya kupika, washa moto mkali nje kwa saa moja na nusu bila chakula, mpaka harufu iishe. Sugua wavu kwa brashi ya waya, upake mafuta ya kula, uupashe tena.

Ukipika, rundika makaa upande mmoja wa beseni, mwingine uwe mtupu, ili mafuta yakianza kuwaka usogeze nyama mara moja. Mchanga ukishaloa mafuta, badilisha. Na majivu yaache siku nzima kabla ya kuyamwaga, kwa kuwa huficha makaa hai hata yakionekana yamepoa.